Kiwiko cha Doria: kisa cha mbwa wa ulinzi wa Dunga

Doria ni mbwa dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, anayelinda banda la ng'ombe wa maziwa karibu na Dunga, katikati ya Unguja. Nilipoitwa kumtazama alikuwa na umri wa miezi mitano na nusu, uzito wa kilo 27, na kwa karibu mwezi mzima alikuwa akichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Mwenyewe ni mfugaji mzoefu wa ng'ombe. Alidhani mbwa kateguka alipokuwa akikimbizana na ndama. "Bado mtoto huyu, daktari," aliniambia. "Akikua itaondoka."

Kauli hiyo ndiyo inayonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu, maana naisikia kila mara, Unguja na Pemba. Mbwa wa mbegu kubwa akichechemea kati ya mwezi wa nne na wa nane wa umri wake, hilo ni jambo la kuwahi. Yapo maradhi ya kiwiko ambayo upasuaji utakaofanywa ndani ya miezi hiyo unaweza kuyarekebisha tangu chanzo chake, na Doria alikuwa na mojawapo. Ukichelewa, mguu uleule huwa hauna tena la kurekebishwa. Hapo daktari hubaki kutoa kipande kilicholegea na kupunguza maumivu.

Mikono kabla ya mashine

Kwa maradhi ya mifupa ya mbwa tulijua tangu mwanzo kwamba picha na upasuaji vitafanyika Dar es Salaam. Kwa hiyo uchunguzi wa pale bandani ulikuwa na kazi kubwa: utuoneshe kiungo kinachouma, utupe ugonjwa wa kushuku, na utuambie kama safari ya baharini ina faida.

Nilianza kwa kumtazama akitembezwa kwenye sakafu ya saruji, kwenda na kurudi, bila kumgusa. Juu ya mchanga au majani mbwa huficha mengi. Mbwa anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mgonjwa unapokanyaga, kisha hukiinamisha mguu mzima unapopokea uzito. Watu wengi huiona ile inama na kuushika mguu usio na kosa. Kichwa cha Doria kilipanda kila mguu wa kushoto ulipotua. Alipokaa aliutoa mguu ule pembeni, kiwiko kimeachana na kifua, uzito wote kaupeleka kulia. Ikumbukwe kwamba miguu ya mbele ya mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake, kwa hiyo kiwiko kibovu hakipumziki hata mnyama akisimama tu.

Kisha nikasimama nyuma yake nikaipapasa miguu yote miwili kwa wakati mmoja, kila mkono na upande wake. Misuli ya bega na ya juu ya mguu wa kushoto ilikuwa imesinyaa. Upande wa nje wa kiwiko pana kibonde kati ya nundu ya mfupa wa juu na ncha ya nyuma ya kiwiko. Mguu wa kulia kidole kilizama pale. Kushoto kilikutana na uvimbe laini uliorudi taratibu ulipobonyezwa: ute wa kiungo umejaa kupita kiasi. Nilipokikunja kiwiko hakikufika mwisho. Nilipokinyoosha hadi mwisho, Doria alinigeukia, akanitazama usoni na kuuvuta mguu. Hakulia wala hakunguruma. Mbwa wengi hawalii kwa maumivu ya kiungo, na ukingoja kilio utapitwa na ugonjwa.

Bega halikumuuma, wala kifundo cha chini. Nilibonyeza mifupa mirefu katikati, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu German Shepherd wachanga hupata sana panostaitisi, uvimbe wa ndani ya mifupa unaohama kutoka mguu hadi mguu na kuondoka wenyewe kadiri mnyama anavyokua. Huo ndio unaowapa watu imani kwamba kuchechemea "huondoka". Kwa Doria mifupa ilinyamaza, na tangu siku ya kwanza mguu ulikuwa huohuo mmoja.

Kiwiko cha mbwa kinakutanisha mifupa mitatu. Humerasi inatoka juu, na chini yake wako wawili wanaokwenda sambamba, radiasi na alna. Radiasi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito, na alna inaikumbatia humerasi kwa nyuma. Juu kabisa ya kumbatio hilo alna ina ncha ndogo iliyopinda kama mdomo wa kasuku, iitwayo ncha ya ankonea. Kiwiko kinaponyooka, ncha hiyo huingia kwenye shimo lililo nyuma ya humerasi na kukizuia kiungo kisiyumbe. Kwa mbwa wa mbegu kubwa, na hasa German Shepherd, ncha hii huanza ikiwa kitovu chake peke yake cha mfupa ndani ya gegedu, kisha huungana na alna kwenye wiki ya 16 hadi ya 20 ya umri. Ikipita wiki ya 20 bila kuungana, huo ni ugonjwa. Wapo wanaowapa mbwa wa mbegu kubwa muhula hadi wiki ya 24, na Doria alikuwa amefika hapohapo.

Kuna ncha nyingine, ya koronoidi, iliyo upande wa ndani wa alna, ambayo kwa mbwa wengi ndiyo inayovunjika vipande na kuharibu kiwiko. Hiyo huuma zaidi kiwiko kikikunjwa nusu na kiganja kikazungushwa huku na huku. Nilijaribu mara kadhaa na Doria alitulia. Maumivu yake yalikuwa kwenye kunyooka. Kwa umri wake, mbegu yake na mahali panapouma, nilimwambia mwenyewe kwamba nashuku ncha ya ankonea haijaungana, na kwamba ikiwa ni kweli, kila wiki ina thamani.

Kupe wanakula wakati

Hapo ndipo palipotokea ugumu wa kisa hiki, na hausomwi sana kwenye maandishi ya nchi za baridi. Doria alikuwa na kupe masikioni na katikati ya vidole. Ufizi wake ulikuwa na rangi hafifu, na ndani ya paja palikuwa na vidoa vidogo vyekundu ambavyo havikufifia nilipovibonyeza. Hivyo ni vidoa vya damu chini ya ngozi.

Kupe wa kahawia wa mbwa ndiye anayeeneza Ehrlichia, kijidudu kinachokaa ndani ya chembe nyeupe za damu na kuziangusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ukanda wetu wa pwani haujui baridi ya kumpunguza kupe, naye huzaana mwaka mzima. Ugonjwa huo nao unaweza kuvimbisha viungo na kumfanya mbwa achechemee, kwa hiyo ilikuwa lazima nijiulize kama kiwiko kile si kazi ya kupe tupu. Jibu langu lilikuwa hapana. Viungo vinavyovimba kwa sababu ya kupe huwa vingi kwa pamoja na huhamahama, na mbwa huwa na homa na kukakamaa mwili mzima. Hapa palikuwa na kiwiko kimoja chenye misuli iliyosinyaa, na misuli haisinyai kwa siku mbili. Doria alikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Damu ilipopimwa, chembe sahani zilikuwa chini sana. Tuliomba itazamwe pia kwa darubini, kwa sababu chembe sahani zikishikamana kwenye chupa mashine huzihesabu pungufu. Hazikuwa zimeshikamana. Mbwa mwenye damu ya namna ile hapelekwi kwenye msumeno wa mfupa. Mfupa uliokatwa hutoka damu kwenye uboho wake, mahali ambapo huwezi kufunga mshipa kwa uzi.

Basi tulikuwa na magonjwa mawili yanayovutana. Dawa ya Ehrlichia ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 28. Tungengoja dozi iishe ndipo tumpeleke Dar, angekaribia miezi saba, na karibu na umri huo mlango wa upasuaji wenye manufaa huanza kufungwa. Tungemkimbiza mara moja, angeweza kufia mezani. Nilichoamua ni kwamba tusisubiri mwisho wa dozi, tuzisubiri chembe sahani. Doksisaiklini ikimfaa mbwa, chembe hizo hupanda ndani ya wiki moja au mbili, hata kama kijidudu hakijaisha mwilini. Tulianza dawa siku ileile, tukapanga kupima tena, na tukakubaliana kwamba zikivuka 100,000 kwa kila mikrolita mbwa atasafiri, na vidonge vitaendelea kabla na baada ya upasuaji hadi siku ya 28. Zilivuka, tena kwa nafasi nzuri.

Subira hiyo ilitupa faida nyingine. Kabla sijaitwa Doria alikuwa ameshapewa vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa za binadamu, na mtu mmoja alikuwa amemdunga deksamethasoni. Naomba msomaji anayefuga mbwa alishike hili kwa dhati: diklofenaki na ibuprofeni si dawa za mbwa. Kipimo kinachomtuliza mtu mgongo kinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na ukiongeza juu yake sindano ya jamii ya kotizoni hatari huwa kubwa zaidi. Nilimuuliza kijana anayemlisha kama choo cha mbwa kimewahi kuwa cheusi kama lami. Akasema hapana, nikamshukuru Mungu. Dawa zote hizo zilisimamishwa, tukaacha siku za kutosha mwili ujisafishe kabla ya kuanza meloksikamu, dawa ya maumivu na uvimbe ambayo ina kipimo cha mbwa kinachojulikana: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa siku.

Madini ya ng'ombe

Nilipouliza Doria anakula nini, mwenyewe alijibu kwa fahari, na haki yake, maana alikuwa akimpenda mbwa wake. Wali na dagaa asubuhi, vichwa vya samaki jioni, maziwa yanayobaki baada ya kukamua, na kila siku kijiko kikubwa cha madini ya ng'ombe "mifupa ipate nguvu".

Madini hayo yamechanganywa kwa ajili ya ng'ombe anayetoa maziwa, mnyama anayepoteza kalsiamu nyingi kila siku. Sehemu yake kubwa ni kalsiamu na fosforasi. Mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu iliyozidi tumboni. Sehemu kubwa hupita hadi kwenye damu, na mwili huiweka mifupani. Gegedu linalotakiwa kugeuka mfupa kwa mpangilio huchelewa na kuvurugika. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walilionesha hilo miaka ya 1980 kwa watoto wa mbwa wa Great Dane waliolishwa kalsiamu kupita kiasi: mifupa yao ilikua vibaya, hata pale chakula kingine kilipokuwa sawa.

Siwezi kusema madini ndiyo yaliyompa Doria ugonjwa. Kiwiko kibovu hurithiwa kupitia vinasaba vingi kwa pamoja, na chakula huongeza au hupunguza tu kile ambacho mnyama amezaliwa nacho. Lakini radiasi na alna zinatakiwa zirefuke kwa mwendo mmoja. Alna ikibaki nyuma hata kwa milimita chache, radiasi huisukuma humerasi juu, nayo humerasi huikandamiza ile ncha ya ankonea kila mbwa anapokanyaga. Ncha isiyotulia haiungi. Kwa maneno hayo mfugaji alielewa haraka kuliko wengi, kwa kuwa ameshawahi kuona kwato za ndama wawili wa mama mmoja zikikua tofauti.

Madini yakaondolewa, maziwa yakapunguzwa, na chakula chote kikakatwa kidogo kidogo. Mbavu za Doria hazikuwa zikihisika vidoleni, na kwa mbwa anayekua hiyo ni dalili mbaya, hata kama mtaani atasifiwa kwa unene.

Ng'ambo

Tulivuka na boti ya asubuhi kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, Doria ndani ya tundu mahali penye kivuli na upepo, na bahasha yenye cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na kibali cha kumsafirisha. Ahadi ilikuwa apumzike usiku mmoja kwanza.

Picha za eksirei zilipigwa akiwa amepewa dawa ya kutuliza, viwiko vyote viwili. Usikubali kupigiwa kimoja: kati ya mbwa mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu wenye ugonjwa huu huwa nao pande zote mbili. Na picha ya muhimu ni ya ubavuni, kiwiko kikiwa kimekunjwa sana. Kiwiko kikiwa kimenyooka nusu, mstari wa ukuaji ulio kwenye nundu ya ndani ya humerasi huangukia juu ya ncha ya ankonea, na unaweza kuona ufa usiokuwepo au kuukosa uliopo.

Kwa Doria ufa ulikuwepo. Mstari mweusi wenye kingo za kuparuza uliitenga ncha na alna, na alna ilionekana fupi kidogo kando ya radiasi. Ncha ilikuwa bado mahali pake, haijahama. Kingo za kiungo zilikuwa na chembechembe ndogo tu za mfupa mpya. Kiwiko cha kulia kilikuwa kizima. Siti skani ingeweza kutuonesha ncha ya koronoidi vizuri kuliko eksirei, lakini kwa kile tulichokwisha kukiona na kukipapasa, isingebadili uamuzi.

Daktari mpasuaji alituwekea njia zilizokuwepo, na nazieleza kwa sababu mfugaji anayeulizwa "tufanyeje" anastahili kuzijua.

Ya kwanza ni kuikata ncha na kuitoa. Ni upasuaji mfupi, na kwa mbwa mkubwa wa umri, ambaye ncha yake imekwisha legea na kuota kutu ya uchakavu, huondoa maumivu ya kipande kinachosugua. Lakini ncha ile ina kazi. Ukiitoa kiungo hupoteza kizuizi chake cha nyuma, na uchakavu huendelea kwa kasi zaidi. Kwa mtoto wa miezi sita mwenye ncha iliyotulia, kuanza na njia hiyo ni kutupa kitu kinachoweza kuokolewa.

Ya pili ni kuifunga ncha kwa skrubu. Inavutia kwa macho, ila ikifanywa peke yake inaacha chanzo: radiasi bado inasukuma, humerasi bado inakandamiza, na skrubu hubeba mzigo mpaka ipinde au ivunjike.

Ya tatu ni kuikata alna yenyewe chini ya kiungo na kuiacha bila bamba la chuma. Mfugaji aliposikia hivyo alishtuka, "Mnamvunja mfupa mzima ili mponye mbovu?" Ndivyo hasa. Sehemu ya juu ya alna ikiachiwa huru hupanda kidogo kwa mvuto wa misuli, inakaa sawasawa na radiasi, na ule mkandamizo juu ya ncha huisha. Radiasi ipo kubeba uzito, kwa hiyo mbwa anaweza kukanyaga hata alna ikiwa imekatwa. Ncha ikipata utulivu, mwili wenyewe huweza kuiunga. Njia hii inataka mambo mawili: mbwa awe bado anakua, na ncha iwe haijatoka mahali pake. Doria alikuwa navyo vyote.

Asubuhi yake alipewa nusukaputi, pamoja na ganzi ya bupivakaini kwenye mishipa ya fahamu ya kwapani, ili mguu ulale hata baada ya yeye kuamka. Sefazolini, dawa ya kuzuia bakteria, iliingia kwenye mshipa kabla ya kisu. Mpasuaji aliingia kwa nje na nyuma ya kiwiko, akautenganisha msuli mdogo unaofunika kiungo, na ute ukatoka mwembamba na wa njano kuliko unavyopaswa. Ncha ilionekana. Alipoigusa kwa kifaa chembamba ilicheza kidogo, kwa kiasi ambacho jicho liliona. Kwa sababu hiyo aliunganisha njia ya tatu na ya pili: kwanza akaikata alna, halafu akaibana ncha kwa skrubu moja iliyopita kutoka nyuma ya alna, ikiivuta ncha ikae barabara kwenye kitanda chake.

Mkato wa alna ulikuwa wa mshazari. Misuli ya trisepu inavuta kwa nguvu ncha ya nyuma ya kiwiko, na mkato ulionyooka ungeiruhusu sehemu ya juu ipinduke kupita kiasi. Mshazari huifanya iteleze badala ya kupinduka. Maji ya chumvi yalimiminwa juu ya msumeno wakati wote mfupa usiungue, na nyuzinyuzi zinazoifunga alna na radiasi zikalegezwa kwa uangalifu. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa. Msumeno ulipomaliza, pengo la milimita chache lilifunguka lenyewe mbele ya macho yetu, bila mtu kulivuta. Kile kipande cha juu kilikuwa kimekaa chini ya shinikizo muda wote huo, na mbwa akitembea juu yake. Damu ilitoka kiasi cha kawaida, ikaganda kama inavyotakiwa. Zile siku za kusubiri chembe sahani zilionekana faida yake hapo.

Kumuuguza mbwa shambani

Baada ya upasuaji wa namna hii kiwiko hakifungwi plasta. Kikifungwa kwa wiki kadhaa kinakakamaa, na kukikunjua tena ni shida kuliko ugonjwa. Bendeji laini hukaa siku chache tu. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Mfupa uliokatwa huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuungana, na katika muda huo mbwa hukaa kwenye banda dogo, anatolewa kwa kamba fupi kwa matembezi ya dakika chache, mara kadhaa kwa siku, bila kuruka wala kukimbia. Mbwa wa miezi sita halijui hilo. Kazi yote humwangukia anayemlea.

Kwa Doria mlezi ni kijana wa pale shambani, mtu wa sala tano, na alikuwa na wasiwasi wa haki. Kumlisha mbwa kwa mbali ni jambo moja, kukikunja na kukikunjua kiwiko chake kwa mikono kila siku ni jingine. Sisi wengi hapa ni watu wa madhehebu ya Shafii, na mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, inayotwahirishwa kwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Sikuona kwamba ni jambo la kupuuzwa wala la kumwambia "we fanya tu". Alimuuliza imamu wa msikiti wao. Aliambiwa kwamba mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa ya kufugwa, kwamba mnyama aliye mikononi mwako ana haki ya kutibiwa, na kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Tukapanga kazi kwa msingi huo. Mazoezi ya kiungo yalifanywa mbwa akiwa mkavu, kwa glavu, na kwa kanzu kuukuu iliyotengwa kwa kazi hiyo na kutundikwa mlangoni mwa banda. Ndoo ya maji na udongo safi viliwekwa hapohapo. Baada ya kupangika hivyo kijana hakuruka hata zamu moja, na naamini mguu ule umepona kwa mikono yake kama ulivyopona kwa ya mpasuaji.

Jeraha lilipofunga kabisa tuliongeza maji. Kutembea ndani ya maji yanayofika kiwikoni humpunguzia mbwa uzito na kumfanya akunje kiungo zaidi kuliko nchi kavu. Wenzetu wa nchi nyingine hujenga matangi ya vioo kwa ajili hiyo. Sisi tuna ghuba ya Chwaka, yenye maji ya kina kifupi yanayokwenda mbali. Tulichagua wakati maji yanapokupwa lakini hayajakauka, mahali penye mchanga mgumu, mbali na matumbawe na fuu za baharini. Mchanga laini wa juu ya pwani tuliukwepa: mguu unaozama na kujikwamua unalazimisha kiwiko kufanya kazi mara mbili. Huko mbwa analowa, kwa hiyo kijana alivaa nguo za kazi mwanzo hadi mwisho na kujitwahirisha kabla ya alasiri.

Picha iliyopigwa miezi mitatu baada ya upasuaji ilionesha alna imeungana kwa mfupa mpya mnene, na ufa wa ncha ya ankonea umejaa karibu wote, skrubu ikiwa nzima. Doria anatembea bila kunyanyua kichwa. Misuli ya bega imerudi, ingawa ukipima kwa utepe kushoto bado ni pungufu. Kiwiko hakikunji hadi mwisho, na akilala muda mrefu siku za mvua huamka na ukakamavu wa hatua chache. Kwenye kingo za kiungo mfupa mpya umeongezeka kidogo. Utaendelea kuongezeka, kwa sababu upasuaji huu unapunguza mwendo wa uchakavu bila kuusimamisha, na mfugaji aliambiwa hivyo kabla ya kukubali kulipa. Kilichobaki mikononi mwake ni uzito. Katika utafiti maarufu wa Labrador 48 wa Marekani, uliotoa matokeo yake mwaka 2002, wale waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko ndugu zao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na uchakavu wa viungo uliwachelewa. Doria sasa ana kiuno kinachoonekana, na mbavu zake unazihisi kwa kidole.

Limebaki suala la kizazi. Watu watatu walikwisha kuomba watoto wa Doria, maana ni mkubwa, mtulivu na sura yake inatisha wezi. Nilikataa waziwazi, na mwenyewe akakubali ahasiwe. Mbwa aliyepasuliwa kiwiko akapona huzaa kama ambaye hakupasuliwa, na watoto hawarithi skrubu. Dada yake wa tumbo moja yuko Wete, Pemba, kwa shemeji ya mfugaji. Mwenzangu wa huko amempapasa: hachechemei, viwiko havina ute uliozidi, vinanyooka bila maumivu. Hiyo haitoshi kumsafisha, kwa kuwa kiwiko kinaweza kuwa na ila bila mbwa kuchechemea, na picha ya kuamulia uzazi hupigwa mbwa akiwa ametimiza walau miezi 12. Tumekubaliana asipandishwe mpaka apigwe picha viwiko vyote viwili, na muuzaji wa Dar es Salaam aliyewatoa watoto hao amepelekewa nakala ya picha za Doria ili baba na mama yao nao wachunguzwe.